Velo Bila Gardebu

Bunia, kartie Lumumba, tarehe 19 mwezi wa nane 2007

Yaya Vital,

Sasa hivi tu Plamedi amekamata unga yangu ya mikate, ameimwanga ndani ya kiatu, na kiatu ile amepelekea kuku. Anaiambia: kula, mama, kula. Kuku imesimama inamuangalia, na mimi nimekosa nguvu ya kumugombeza. Ndiyo maana barua hii iko na unga, weye kaka yangu mukubwa usiseme dada yako hajui usafi.

Nakusalimia sana, pamoja na bibi yako Hélène na watoto. Siye tuko, Mungu anatulinda. Bruno, baba ya Plamedi, angali Mongbwalu anachimba zahabu. Mwezi jana alituma salamu tu. Meno ya Plamedi sasa ni kumi na moja, na yote anapimia kwenye bega yangu. Kartie, mutaa wetu, imetulia, watu wanasalimiana kwenye barabara, hata wale tuliokuwa hatusalimiani. Wanasalimiana, lakini kila mutu anaangalia mikono ya mwenzake.

Sasa nakuja kwa neno lenyewe. Velo, baisikeli uliyonitumia, ilifika. Dereva wa Fuso aliishusha mbele ya nyumba, na watu wote walitoka kuangalia. Alisema: yaya yako anasema hii ni velo yake ya zamani, ile iliyomutoa Bunia wakati wa vita, sasa irudi ikusaidie. Nililia kidogo, sikufichi. Nilijifunza wiki mbili. Ni velo ya kourse ya kweli, ya mashindano, usukani imeinama kama pembe ya kondoo, na mapira yake ni nyembamba mutu anaweza kuzungusha vidole viwili tu. Navaa pantalo ya mwanaume ndani ya kikwembe, kitenge yangu ya kujifunga. Vijana wa kona wananiita Mama Shampioni, wananiuliza kama mikate yangu inashindania kombe. Nawaambia ndiyo, na ninyi mutabaki na njaa kwenye mustari wa mwisho. Asubuhi mapema nakuwa nimekwisha kufika kwenye shule na kwenye biro zote, na mikate ingali moto. Zamani nilikuwa nafika wa mwisho, kwa miguu, na mikate baridi.

Lakini mvua imeanza, na hii velo haina gardebu, zile bati za juu ya mapira za kuzuia matope. Pira ya nyuma inatupa matope yote kwenye mugongo wangu, na kwenye mugongo ndipo Plamedi iko. Juzi alifika matope mpaka ndani ya masikio, anacheka. Lakini mwalimu mumoja alipangusa mukate yake na leso, akasema: Mama Plamedi, leo umetia kakao. Wote walicheka, na mimi nilicheka. Kesho yake walinunua kwa mutu mwingine.

Nilienda kwa Athanase, fundi wa velo pale kona. Ni mutu wa maneno kidogo. Neno lake la kwanza lilikuwa: gardebu zake ziko wapi? Nikasema sijui. Akaniambia, "Mama, hapa kwetu mutu anauza kengele, anauza kiti. Gardebu hakuna mutu anatoa. Pale ndipo jina la mwenyewe linaandikwaka."

Na ni kweli, yaya, unajua vile tunafanyaka: gardebu ya nyuma, jina la mwenye velo, rangi nyeupe, ili hata akipita mbio watu waseme ni fulani. Kwa hiyo nakuomba, kama ziko kwako unitumie na Fuso. Kama haziko, niambie zilienda wapi.

Plamedi ametia kidole chake hapa chini.

Mudogo wako,
Elodie


Ariwara, tarehe 9 mwezi wa tisa 2007

Leki yangu Elodie, mudogo wangu,

Salamu nyingi. Hapa siye wazima. Soko inatembea vizuri, watu wa ng'ambo ya mupaka wanakuja na vitenge, sisi tunawapa maharagi na kahawa. Hélène anakusalimia. Mutoto wa kwanza amepita kwenye masomo, wa pili hapana, anasema mwalimu hamupendi. Kidole cha Plamedi nimekiona. Kiko kama cha mama yetu, pana mbele.

Juu ya velo. Kourse haivalishwi gardebu. Wazungu wenyewe wanakimbiaka bila. Inaongeza uzito, inapiga kelele, inakamata matope ndani. Ukiogopa mvua, vaa kapote ya nailo, koti ya mvua, na mikate funika na mufuko. Mutoto mubebe mbele.

Hiyo velo niliinunua hapa Ariwara kwa mutu wa ng'ambo, sasa ni miaka mbili. Nilipoinunua ilikuwa vile vile unavyoiona. Gardebu sikuziona mimi.

Huyu Athanase ni nani? Alitoka kartie gani mbele ya vita? Alipoiangalia velo mulikuwa wawili, ao kulikuwa na mutu mwingine? Usimupatie tena. Kama iko na shida, utume na Fuso, nitaitengeneza mimi.

Na usiandike jina lolote juu yake. Watu wa Bunia wanapenda kusoma kisicho chao.

Busu kwa mutoto.

Yaya yako,
Vital


Bunia, tarehe 30 mwezi wa tisa 2007

Yaya Vital,

Salamu kwako na kwa nyumba yote. Yule wa pili mwambie asichoke, mimi pia nilirudilia mwaka wa tatu, na leo najua kuandika barua. Huku Plamedi amejifunza neno mpya, "yangu". Kila kitu ni yangu. Kuku yangu, mvua yangu. Jana alimuonyesha pasteri akasema yangu, na pasteri alifurahi sana.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi kuona mukono wako. Mara ya tatu niliikunja nikaiweka chini ya mukeka, sikutaka mutu aione, na sijui kwa nini niliificha.

Dereva alisema velo hii ilikutoa Bunia wakati wa vita. Weye unasema uliinunua Ariwara, ni miaka mbili. Moja kati ya maneno haya iko na miguu mifupi, yaya. Labda dereva alisikia mubaya. Nimejiambia hivyo siku mingi, mbele ya kulala.

Unisamehe, barua yako ilifika wakati Athanase alikuwa amekwisha kuanza kazi. Alikamata bati mbili za mafuta, zile za msaada, akazikata nyembamba kama mukanda, akazipinda juu ya bomba ya maji, polepole, anapiga na nyundo ya mbao ili zisivunjike. Shida ya kourse ni freni, ile breki inayobana pira. Kati ya freni na pira hata kidole hakipiti. Kwa hiyo kila gardebu aliigawanya vipande viwili, kimoja mbele ya freni, kimoja nyuma, na alivifunga na kamba za shambrea ya zamani, ile mpira ya ndani. Aliniambia nikae na kijiti kwenye usukani, matope yetu mekundu yanapoganda ndani nisimame nichokonoe. Nilisimama pale nashika velo, miguu yake juu, kama mutu anayeshika mbuzi anayechinjwa.

Ndipo aliona. Aliita jina langu, akaniwekea kidole changu kwenye chuma, chini, karibu na katikati ya pira. Kuna pahali palikuwa na masikio mawili madogo, yale yenye tundu ya kutia vis, skrubu za gardebu. Yamekatwa. Yamesuguliwa na tupa mpaka laini, halafu yamepakwa rangi. Nyuma na mbele, masikio yote ine. Athanase alisema gardebu zikivunjika mutu anazitoa, anaacha masikio, maana kesho atatia zingine. Mutu anayekata masikio anataka watu waseme velo hii haikuwa na gardebu hata siku moja.

Nilimuuliza nani anaweza kutaka hivyo. Alipiga nyundo kwanza. Kisha alisema mbele ya vita kourse zilikuwa tatu tu Bunia nzima. Moja ya padri, alirudi nayo kwao. Moja ya kijana aliyekuwa anashinda mashindano ya tarehe 30 mwezi wa sita, siku ya uhuru, iliungua pamoja na nyumba yao. Na moja ya munganga Kule, mwenye kutibu watu kwenye poste ya afya. Hiyo peke yake ndiyo ilikuwa na gardebu, sababu Kule alikuwa anavaa bluze nyeupe ya munganga na hakupenda matope.

Nilirudi nyumbani nasukuma velo, sikupanda.

Yaya, weye ulinibeba mugongoni mpaka shule mwaka ule muto ulijaa. Sikuulizi kama jaji. Nauliza kama mutu anayebeba mutoto wake juu ya hiki chuma kila asubuhi. Uliikamata wapi? Na ulipoikamata, mwenyewe alikuwa juu yake?

Elodie


Ariwara, tarehe 14 mwezi wa kumi 2007

Elodie,

Mutu akikupa chakula unakula, hauulizi kuni zilikatwa kwenye shamba ya nani.

Unataka kujua, sawa. Mwezi wa tano, 2003. Mama na weye mulikuwa mumekwisha kuingia kambi ya uwanja wa ndege. Mimi nilibaki kwenye nyumba kungojea, kisha risasi zilifika mpaka kwenye ukuta na nikakimbia upande wa kaskazini. Velo ilikuwa imeegemea kwenye kando ya barabara, peke yake. Hakuna mutu. Watu wote walikuwa wanakimbia, wanatupa masanduku, wanatupa mpaka masufuria. Niliikamata. Ningeiacha, mwingine angeikamata baada ya hatua tatu.

Weye kule kambini ulilala kwenye mukeka. Ulikuwa wa nani? Mama alipikia kwenye sufuria. Ilikuwa ya nani? Sikukuuliza hata siku moja.

Nilikuambia niliinunua ili usiwe na mawazo. Kosa langu ni hilo tu.

Sasa fanya hivi. Toa hizo bati. Paka velo yote rangi nyeusi. Ama uifungue, uuze kipande kipande, mbali na Lumumba. Huyu Athanase usimujibu. Barua hii ichome.

Vital


Bunia, tarehe 4 mwezi wa kumi na moja 2007

Yaya Vital,

Mimi nakusalimia, hata kama barua yako ya mwisho haikunisalimia. Salamu kwa Hélène.

Nimechelewa juu ya Plamedi. Homa ilimukamata siku kumi. Siku ya ine alikuwa hanijui, ananiangalia kama mutu wa barabara. Nilimupeleka kwenye lopitali juu ya velo hii, kwenye mvua, na bati za Athanase zilizuia matope yote, alifika mukavu. Sasa anakula. Jana amesema tena "yangu" na nikalia.

Barua yako sikuichoma. Nilipima kuichoma. Nilisogeza kwenye moto wa mafuta ya mikate, kisha nikaitoa. Nikajiuliza, kama velo ilikuwa peke yake, kwa nini barua iungue?

Juu ya mukeka wa kambi, uko na haki. Ulikuwa wa mama mumoja wa kartie Nyakasanza. Vita ilipotulia mama yetu aliurudisha, uliotoboka, pamoja na kuku. Haukujua, ulikuwa mbali.

Wakati wa homa ile, pale kwenye benchi ya lopitali, niliwaza hivi: kama munganga Kule amekufa, basi mutoto wangu anasafiri juu ya maiti. Kama yuko muzima, nijue. Nilipotoka nilienda kwa Athanase na kumuuliza wazi. Alisema: "Kule? Iko Boga. Anatibu watu kule. Anatembea kwa miguu kijiji na kijiji." Nikamuuliza kwa nini siku ile hakuniambia. Akasema alikuwa anangoja kuona kama mimi ni mutu wa kuuliza.

Kila wiki mama mumoja anakuja kutoka Boga na kakao, jina lake Emerance, ananunua mikate kwangu. Nilimutuma. Nilimwambia amuambie Kule tu kwamba velo yake imeonekana Bunia, kwa mwanamuke mwenye mutoto, na kwamba mutu wa jamaa ya mwanamuke huyo aliikuta kando ya barabara wakati wa vita. Jina lako sikulitaja.

Emerance amerudi leo. Anasema Kule alisikiliza mpaka mwisho, anaosha mikono. Halafu alisema: "Velo nilikwisha kuisahau. Yule kijana mumuulize sanduku iko wapi." Emerance aliuliza sanduku gani. Kule alipangusa mikono na akaita mugonjwa anayefuata.

Yaya, nimesoma tena barua yako, mustari kwa mustari, na kidole. Kuna masanduku ya watu wanaokimbia, yale waliyotupa. Sanduku ya Kule hakuna. Na kama velo ilikuwa peke yake na hakuna mutu, Kule amejuaje kama aliyeikamata alikuwa kijana?

Alikuona. Weye pia ulimuona.

Velo iko ndani ya nyumba, nimeifunika na shuka. Mikate napeleka kwa miguu tena, nafika wa mwisho. Sitaiuza, sitaipaka. Nangojea.

Elodie


Ariwara, tarehe 18 mwezi wa kumi na moja 2007

Leki yangu,

Nilisoma kwamba mutoto alikuwa mugonjwa, na kitu cha kwanza nilichofikiri hakikuwa mutoto. Ndipo niliona vile nimekuwa. Anaendeleaje? Je, amerudi na nguvu ya kutembea?

Naandika hii kwenye depo, juu ya mufuko wa maharagi. Hélène hajui.

Ilikuwa mbele kidogo ya daraja. Velo iliegemea kweli kwenye kando. Yeye alikuwa hatua kumi chini, amepiga magoti kwenye majani, mbele ya mama mumoja aliyepigwa risasi kwenye paja. Alikuwa anashikilia kidonda na mikono miwili. Sanduku ya dawa ilikuwa imefungwa juu ya velo, nyuma ya kiti, bado hajaifungua. Nadhani alikuwa ameshuka mbio, akashika damu kwanza.

Niliikamata na nikapanda. Alinyanyua kichwa. Elodie, hakusema mwizi. Hakusema velo yangu. Alisema: "Sanduku. Niachie sanduku." Alisema mara mbili, mara ya pili polepole, kama mutu anayefundisha. Ilikuwa imefungwa na fundo moja. Kuifungua ni kuhesabu mpaka tano. Sikusimama.

Niliifungua siku ya tatu. Dawa nilizibadilisha na chakula kijiji kwa kijiji, watu walidhani mimi ni munganga, wananiita munganga, na nilijibu. Makasi iliyokuwa ndani iko hapa mpaka leo. Hélène anakatia nayo nguo.

Gardebu zilikuwa na jina lake. KULE, herufi kubwa. Nilikuwa nakimbia na kila aliyekuwa nyuma yangu alikuwa anasoma. Nilizitoa na kuzitupa kwenye muto. Hapa Ariwara nilikata masikio yale na tupa, usiku mbili, nikidhani sasa velo itasahau.

Labda unajiuliza kwa nini niliituma kwako. Nilijua uko na shida, hiyo ni kweli. Na nilitaka irudi Bunia bila mimi.

Neno moja nakuomba. Kama Emerance anarudi Boga, amuulize Kule kama yule mama alipona. Nimejiambia miaka ine kwamba alipona. Namuonaka kwenye soko, kila mama anayechechemea nadhani ni yeye.

Usiniombe kuja. Niko na watoto, niko na jina hapa.

Vital


Bunia, tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili 2007

Yaya Vital,

Nakusalimia. Plamedi anatembea, anaanguka, anatembea. Amenona kidogo. Bruno alituma sabuni. Anasema atarudi Noeli, na mwaka jana alisema pia.

Barua yako ya mwisho imenikuta na watu wengi kwenye nyumba, nikaenda kuisoma kwenye choo. Nilikaa kule mpaka walinigongea. Nashukuru uliandika. Ingawa, nikuambie ukweli, nilipoimaliza niliigeuza kuona kama kuna kingine nyuma. Ndivyo umenifundisha kusoma barua zako.

Ungetoa gardebu tu na kuacha masikio, watu wangesema zilivunjika. Ni masikio yaliyokatwa ndiyo yaliyomuita Athanase. Nilimwambia aandike jina upya kwenye bati ya nyuma, na rangi nyeupe. Aliniuliza jina gani, anajua, alitaka kinywa changu kiseme. Nikasema KULE. Siku ile ile niliitoa velo kwenye shuka na nikapeleka mikate nayo. Soko nzima ilisoma mugongo wangu. Wengine waliniuliza, nikajibu ni ya munganga Kule, iko kwangu mpaka atakapoikamata. Mama mumoja alitema mate chini. Mwingine alinunua mikate kumi. Sikujua kati yao nani anipe woga.

Nilimutuma tena Emerance, na Alhamisi Kule alikuja. Alipanda gari ya kakao pamoja na Emerance. Ni mutu mufupi, amekuwa na mvi upande moja tu. Hakuangalia velo kwanza. Alimuangalia Plamedi macho, akamubonyeza tumbo, akaniuliza homa ilikuwa siku ngapi. Halafu aliinama kwenye gardebu, akapitisha kidole kati ya bati na freni, akasema fundi huyu anajua kazi, ila ya mbele inagusa kidogo. Nilimupa chai na mikate, alikula miwili.

Nilimuambia jina lako. Nilipaswa, yaya. Nilimuuliza swali yako.

Alisema yule mama alikufa jioni ile, kabla jua halijaingia. Alimufunga na kikwembe yake mwenyewe, na kikwembe ilikuwa imejaa vumbi, na damu ilipita. Niliuliza kama na sanduku angepona. Alisukuma kikombe cha chai kando. Kisha alisema hivi, naandika kama alivyosema: "Labda. Mimi sijui, na yeye hatajua. Hiyo labda nimeibeba peke yangu miaka ine. Nataka aje tuibebe wawili."

Nikasukuma velo mbele yake. Alikataa. Alisema hakunyang'anywa na mwanamuke mwenye mutoto, na hatapokea kwa mwanamuke mwenye mutoto. Aliyeikamata airudishe na mikono yake. Mpaka siku ile nipelekee mikate nayo, jina likae pale, na kama mvua inanyesha nichokonoe matope, yasile chuma. Akapanda gari akarudi Boga.

Kwa hiyo ndivyo niko. Kila asubuhi natembea na jina la mutu huyu nyuma yangu na mutoto wangu juu yake, na watu wanasoma. Unasema uko na jina hapo Ariwara. Siye pia tuko na jina hapa, ni lile lile, la baba yetu, na sasa wanalisema polepole ninapopita. Sikukasirikii. Nakuogopa kidogo, na hiyo inaniumiza zaidi ya kukasirika. Usiku wa jana niliwaza kwamba ukisoma hii utavuka mupaka, uende Arua, uende mbali, na nitakuwa na barua sita chini ya mukeka, tatu zako na tatu zangu nilizozinakili, na sitakuwa na kaka.

Usiniandikie tena. Kwenye barua mutu anachagua. Kuja, nikuone uso unapozungumuza. Leta na ile makasi. Hélène mwambie ukweli ama umudanganye, hiyo ni yako, lakini makasi ilete. Nitakupikia. Nitalala nawe chini ya paa moja na sitafunga mulango wa chumba, nimekwisha kuamua. Na asubuhi tutasukuma velo wote watatu, weye na mimi na Plamedi, mpaka pale gari za Boga zinaposimama, na hapo nitakuacha uende peke yako, maana ile sehemu siwezi

ngoja kidogo, Athanase ananiita kutoka barabarani. Anasema nitoke, kuna mutu ameshuka kwenye Fuso ya Ariwara, amesimama mbele ya velo, anasoma jina, na mukononi iko na makasi